Mshairi Hudumu kwa Wanaomjibu

Kilio cha washairi wetu ni kwamba utunzi hauwalishi. Ni kweli, lakini haukuwalisha hata wale tunaowaita magwiji. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akahamia idara nyingine za serikali ya kikoloni, na humo kazini ndimo alimoandikia vitabu vyake. Haji Gora Haji wa Tumbatu, mwenye diwani ya Kimbunga, alikuwa mvuvi na baharia. Ustadh Mahmoud Mau wa Lamu ni mtunzi aliyeoka mikate na kuongoza sala msikitini. Basi kama si fedha wala si wasaa wa kukaa na kalamu tu, ni nini kilichowadumisha? Naamini walidumishwa na watu: waliowafunza, waliowasikiliza na, kupita wote, waliowajibu.

Tumtazame Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo 1840. Tungo zake nyingi zilizaliwa katika uhasama wa Mombasa na Lamu, na upande wa pili alikuwapo Bwana Zahidi Mngumi, fundi wa kujibu. Mtunzi anayejua kwamba beti zake zitapokewa na mpinzani mjuzi hathubutu kutunga ovyo. Wasikilizaji nao walizihifadhi: miongo kadhaa baada ya kifo chake, Mwalimu Sikujua bin Abdallah na mmisionari W. E. Taylor walizikusanya tungo hizo kwa sababu wenyeji walikuwa bado wanazo vifuani. Diwani yenyewe ilichapishwa 1940, karne nzima baadaye. Huko Tanganyika, gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, likawa baraza la watunzi wasioonana, wakifumbiana na kufumbuliana kurasani.

Atakayenipinga atanitajia Abdilatif Abdalla, aliyefungwa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa Kenya Twendapi?, akatunga Sauti ya Dhiki gerezani. Je, si upweke uliozaa diwani ile? Nasema upweke ulimpa uchungu, haukumpa ufundi. Ufundi aliingia nao. Alilelewa na mzee wa ukoo wake, Ahmad Basheikh bin Hussein, aliyekuwa mtunzi, na nduguye mkubwa ni Ahmad Nassir Juma Bhalo, mwenye Malenga wa Mvita. Kuta za gereza zilimtenga na watu hao, lakini hazikuweza kumnyang'anya bahari na mizani alizokwisha kuzisikia tangu utotoni.

Wapo pia watakaosema kwamba baraza la watunzi wanaojibizana huwabana vijana na kulinda ya kale. Pingamizi hili lina uzito. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 na kuacha vina na mizani ya kimapokeo, alikabiliwa na upinzani mkali. Lakini hata waliomkataa walilazimika kumsoma, kupima kila hoja yake na kueleza shairi ni nini. Mabishano hayo yaliwanufaisha wanamapokeo na wanamabadiliko vilevile, kwani kila upande ulidaiwa sababu. Mtunzi anaweza kuvumilia kupingwa, tena akakua kwa kupingwa. Kinachomkatisha tamaa ni kutoa diwani na kutosikia neno.

Sisemi mshairi aachwe na njaa ndipo atunge vizuri. Anastahili malipo ya kazi yake, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayotolewa Tanzania tangu 2023, ni hatua ya heri. Hata hivyo, tuzo huwafikia wachache, tena baada ya mswada kukamilika, ilhali mtunzi anahitaji kusikilizwa tangu beti za mwanzo. Kwa hiyo wahariri wasifanye kurasa za mashairi kuwa za kujazia nafasi: wampe kazi hiyo mjuzi atakayemrudishia mtunzi shairi lake na kumweleza kasoro iko wapi. Walimu nao wasiishie kuuliza idadi ya mishororo na aina ya vina. Wamtake mwanafunzi amjibu mshairi kwa shairi. Redio zirejeshe majibizano hewani. Haya hayahitaji bajeti kubwa, yanahitaji watu walio tayari kusoma kwa makini na kujibu. Tukiyafanya, tutakuwa tumewapa washairi wetu kile kilichomjenga Muyaka, na ambacho fedha peke yake haijawahi kukinunua.