Mzigo Ndio Bora Kuliko Mtu?

Wapo wenye kutuhubiria kwamba huko Marekani mfanyakazi amekwisha pata haki zake zote. Na watueleze habari hii.

Usiku mmoja wa Januari 2009, katika jimbo la Illinois, dereva wa lori alikwama njiani. Breki za tela ziliganda kwa baridi iliyozidi nyuzi 20 chini ya sifuri, na chombo cha kupashia joto kilikuwa kibovu. Aliomba msaada, akaambiwa asubiri. Miguu ilipokufa ganzi, akaamriwa ama avute tela lisilo na breki, ama abaki papo hapo. Alilifungua tela akaenda kuokoa roho yake, kisha akarudi. Ujira wake? Alifukuzwa kazi kwa kosa la kutelekeza mzigo!

Sheria ya mwaka 1982 ilikuwapo. Lakini ilimbidi angoje hadi 2016 ndipo mahakama ya rufani imthibitishie haki. Hata hapo jaji mmoja kati ya watatu, Neil Gorsuch, alipinga: ati sheria humlinda anayekataa kuendesha, si anayeendesha. Mwaka 2017 alipandishwa Mahakama ya Juu.

Ndugu, adui hapa si theluji. Adui ni mfumo unaowalipa madereva wengi kwa maili, hata gurudumu lisipozunguka watoto wakose chakula. Nasi tunaozitekeleza kanuni na kuzifundisha, tusisahau: kanuni isiyomwona mtu anayeganda ni fimbo mkononi mwa tajiri.