Umemeza P2 na hedhi haijaja: usingoje bila tarehe

Inapofika katikati ya Januari huwa nalijua swali litakaloletwa mezani pangu hapa Voi. Mji wetu ni njia panda. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi hupita hapa, ile ya Taveta na mpaka wa Tanzania huanzia hapa, na tangu mwaka wa 2017 treni mpya nayo imeongeza wageni. Wakati wa sikukuu vijana hurudi, wengine wakapanda milimani Wundanyi kuwasalimu wazee, wengine wakabaki mjini kustarehe. Baada ya wiki mbili tatu hunijia mwanamke akalalamika kichwa. Ninapoinama kuandika ndipo hutamka lililomleta: "Daktari, nilimeza P2 na mwezi wangu haujaonekana."

P2 ndilo jina lililowakaa watu mdomoni, hata mtu akiuziwa vidonge vya kampuni nyingine. Dawa yenyewe ni levonojestreli, jumla yake miligramu 1.5, katika kidonge kimoja au viwili. Vikiwa viwili, vimeze vyote pamoja. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaomeza kimoja na kumpa rafiki kingine, na hapo wote wawili huwa wamepoteza pesa zao. Aidha, ukitapika kabla ya saa mbili kupita, umeze tena.

Dawa hii haisubiri. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka wa 1998 ulionyesha kuwa waliomeza katika saa 24 za kwanza walikingwa na kama asilimia 95 ya mimba ambazo zingetarajiwa. Waliongoja hadi siku ya tatu, kinga ilishuka hadi asilimia 58. Kwa hivyo yule anayengoja Jumatatu ili duka asilojulikana lifunguliwe ajue anachokipoteza.

Sasa tuje kwenye hedhi. Kazi kubwa ya vidonge hivi ni kuzuia au kuchelewesha yai lisitoke kwenye ovari. Haviitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala haviidhuru. Kwa kawaida hedhi huja kama wiki mbili baada ya yai kutoka. Yai likicheleweshwa, hedhi nayo hucheleweshwa. Wengine huona damu mapema kuliko walivyozoea, wengine hukawia siku kadhaa, na wengi huipata karibu na tarehe yao. Kuchelewa kwa siku tatu nne, basi, si ajabu na si ugonjwa. Kizazi hakijaharibika. Uvumi kwamba P2 huleta utasa nimeusikia Mwatate, nimeusikia Taveta, na hauna msingi.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wauzaji wachache sana hulitaja. Yai lililocheleweshwa halikufa, linaweza kutoka baadaye. Mwanamke aliyemeza vidonge Jumamosi, kisha akalala na mwanamume bila kinga Alhamisi iliyofuata akidhani bado analindwa, huenda akakutana na yai lile lile lililokuwa likizuiwa. Vidonge hushughulikia tendo lililopita, haviwekei akiba siku zijazo. Mpaka hedhi ije, tumia mpira au usifanye tendo, na ukitaka njia ya kudumu kidogo kama sindano, kijiti au vidonge vya kila siku, waulize wauguzi siku hiyo hiyo.

Nina kosa langu la kukiri hapa. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa daktari mchanga katika hospitali nisiyoitaja, alinijia mama kijana aliyekuwa amemeza vidonge wiki nne kabla. Aliona damu kidogo siku ya sita, kisha ikawa kimya. Nilimwambia ile damu ndiyo iliyokuwa hedhi yake, kwamba homoni zimevurugika, atulie. Sikumpima, wala sikumwambia arudi lini. Siku ya tisa aliletwa amezimia, uso mweupe, tumbo limejaa damu. Mimba ilikuwa imetunga kwenye mrija wa uzazi na mrija umepasuka. Alifanyiwa upasuaji usiku huo akapona, lakini mrija ule uliondolewa. Nilipopita wodini asubuhi aliniuliza swali moja: "Daktari, kwani kile kipimo cha mkojo ni bei gani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Kipimo kile kilikuwa rahisi kuliko vidonge alivyonunua.

Nieleweke vizuri: si vidonge vilivyopeleka mimba mahali pabaya. Mwanamke yeyote mwenye mimba aweza kupatwa na hayo. Kosa lilikuwa kulichukulia neno P2 kuwa jibu la kila jambo, na kuihesabu damu ya matone kuwa hedhi. Damu inayotoka siku chache baada ya kumeza mara nyingi ni vurugu za dawa tu. Haithibitishi kuwa huna mimba.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: asiuziwe mtu vidonge hivi bila kupewa tarehe. Hesabu siku 21 tangu siku ya tendo. Kama tendo lilikuwa tarehe 1 Machi, tarehe ya kupima ni 22 Machi. Na kama hedhi yako imepita siku yake kwa wiki nzima, pima pia, usijipe moyo kwa maneno ya shoga yako. Kipimo kikionyesha huna mimba na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja, kisha mwone daktari au muuguzi. Lakini maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, kizunguzungu, kuzimia, au maumivu ya ncha ya bega hayangoji tarehe yoyote. Hayo ni ya kukimbiza hospitali saa hiyo hiyo.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wale wasioweza kungoja. Hedhi ikichelewa siku mbili, humeza pakiti nyingine "ili ishuke". Haitashuka kwa njia hiyo; itazidi kuvurugika na hesabu ya siku itapotea. Wengine huchemsha majani ya chai hadi yawe kama lami, au hunywa kwinini na sabuni ya unga. Hayo nimeyakuta kwa macho yangu, na wengine hawakuwahi kunisimulia wenyewe, walisimuliwa na jamaa zao.

Kuna pia wanaotumia dawa nyingine ambazo hupunguza nguvu ya vidonge hivi: dawa za kifua kikuu zenye rifampisini, baadhi ya dawa za kifafa, na dawa ya VVU iitwayo efavirenzi. Mwambie muuzaji, au nenda hospitali uulizie koili ya shaba, ambayo ikiwekwa ndani ya siku tano hufanya kazi vizuri kuliko kidonge chochote. Na ikiwa uliingiliwa kwa nguvu, usiishie kwenye kemisti. Nenda hospitali kabla ya saa 72 kwisha, maana vidonge hivi havizuii VVU na kuna dawa za kinga zinazopaswa kuanzwa mapema.

Najua wapo watakaosema kuwa kuyaandika haya ni kuwafundisha vijana uasherati. Ubishi huo nawaachia makanisa na misikiti. Mimi hukutana na mtu vidonge vikiwa vimekwisha kumezwa.

Mara nyingi anayenunua hata si mwanamke. Ni mwanamume aliyeacha gari likinguruma nje, analipa, anatia pakiti mfukoni na kuondoka. Karatasi ya maelezo hubaki kwenye sakafu ya gari. Kwa hiyo nawaomba ndugu zangu wa kemisti, kuanzia stendi ya Voi hadi soko la Taveta: mnayo kalamu kwenye kaunta, na mnaandika "mbili kwa siku" kwenye kila bahasha ya dawa ya malaria. Muulizeni mnunuzi tendo lilikuwa lini, mhesabu siku 21, muandike tarehe hiyo juu ya pakiti kwa herufi kubwa, na chini yake neno "pima". Asiye na pesa za kipimo aende zahanati iliyo karibu naye, au hospitali ya Wesu, Taveta au Moi hapa Voi, akiwa na mkojo wa kwanza wa asubuhi katika chupa safi.