Mzazi Akiruhusiwa, Simu Ibaki Nyumbani



Mama akijifungua salama katika Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, akaruhusiwa kurudi kijijini, wengi hudhani kazi imekwisha. Sivyo. Siku 42 za mwanzo bado zina hatari kwa mama, na siku 28 za mwanzo kwa mtoto.

Serikali imetuwekea mpango wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Ukipiga namba 115 hulipi kitu. Mhudumu huuliza hali ya mgonjwa, kisha hutafuta gari la wagonjwa. Likikosekana, huitwa dereva aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu. Familia haidaiwi nauli.

Lakini namba hiyo haina faida pasipo simu. Hapa kwetu pwani, mara nyingi baba huondoka na simu kwenda kuvua, mzazi akabaki mikono mitupu. Kwa maoni yangu, jambo hili halifai. Inunuliwe simu ndogo ya kitochi, au mpatane mapema na jirani. Mtandao ukisumbua, wahini zahanati.

Tena, dalili za hatari zijulikane na wote nyumbani. Kwa mama ni kutoka damu nyingi, homa, kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au degedege. Kwa mtoto ni kukataa kunyonya, mwili kuwa wa moto au wa baridi, na kupumua kwa shida. Mkiona mojawapo, msingoje kupambazuke.

Je, nyumbani kwako nani anaijua namba 115? Mfundishe mwenzako leo.