Tusing'oe Gia, Tuufundishe Mkono

Baiskeli za gia zimefika katika vijiji vingi. Nyingi ni za mitumba. Zina matairi mapana yenye kashata nene za kushika udongo. Baiskeli hizi ziliundwa kwa ajili ya njia za milimani. Zilianza huko California, Marekani, katika miaka ya 1970. Vijana waliopenda kuteremka milima kwa baiskeli kuukuu waliamua kuunda zilizo imara zaidi. Mmoja wao, Joe Breeze, aliunda ya kwake ya kwanza mwaka 1977. Njia zetu zenye mawe, mchanga na miinuko zinazihitaji baiskeli za namna hii.

Lakini ipo tabia moja ambayo mimi siikubali. Mtu hununua baiskeli ya gia. Huiendesha siku tatu. Kisha huipeleka kwa fundi na kusema, "Ng'oa madude haya." Fundi hung'oa gia, hufupisha mnyororo, na baiskeli hubaki na mwendo mmoja. Ukimwuliza mwenyewe sababu, hujibu kwamba gia zinamsumbua mkono. Maoni yangu ni kwamba mara nyingi gia hazina kosa. Mkono ndio haujafundishwa.

Gia zina kazi gani?

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme mnyororo uko kwenye sproketi ya mbele yenye meno 28, na ya nyuma yenye meno 28. Ukizungusha pedali mara 1, gurudumu la nyuma huzunguka mara 1. Mwendo ni wa polepole, lakini mguu unakuwa mwepesi. Mlima unapandika hata ukiwa na mzigo. Sasa hamisha mnyororo uende kwenye meno 42 mbele na meno 14 nyuma. Pedali mara 1, gurudumu mara 3. Hiyo ni gia ya tambarare.

Anayeng'oa gia anaitupa nguvu hiyo. Akifika mlimani na gunia la mahindi au ndoo za maji, hana budi kushuka na kusukuma. Amenunua baiskeli ya mlimani, lakini mlima anaupanda kwa miguu.

Aina mbili za kubadilisha gia

Aina ya kwanza ni ya kuzungusha. Sehemu ya kishikio cha usukani huzunguka mkononi. Unaizungusha kwako au mbele, na waya unavutwa au unalegezwa. Aina hii ilienea kupitia kampuni ya SRAM, iliyoanzishwa mwaka 1987 huko Chicago, Marekani. Bidhaa yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo.

Aina ya pili ni ya kubonyeza. Chini ya usukani kuna vijiti viwili vidogo. Kimoja husukumwa kwa kidole gumba, nacho huvuta waya. Kingine huulegeza waya. Hicho cha pili, katika baiskeli nyingine, huvutwa kwa kidole cha shahada, na katika nyingine husukumwa kwa gumba vile vile. Kampuni ya Shimano ya Japani ni miongoni mwa waliozisambaza sana.

Aliyezoea kuzungusha, akipewa ya kubonyeza, gumba lake hutafuta kijiti na kukikosa. Aliyezoea kubonyeza, akipewa ya kuzungusha, hukaza kishikio kwenye bonde na gia hubadilika bila yeye kutaka. Hapo ndipo hasira huanza, na safari ya kwenda kwa fundi.

Ipo bora kuliko nyingine?

Kila moja ina faida yake. Ya kuzungusha huvuka gia nyingi kwa mzunguko mmoja wa kiganja. Ukikuta mlima ghafla, hilo ni jambo la maana. Lakini mkono wenye jasho au matope huteleza juu yake. Ya kubonyeza hupanda gia kwa hatua, nawe unasikia mlio wa kila hatua. Kishikio chake hakizunguki, kwa hiyo unaweza kukikaza kwa nguvu kwenye mawe bila kugusa gia. Ubaya wake ni kwamba ndani ina vipande vidogo vingi. Asiyejua akiifungua, kuirudisha ni kazi kubwa.

Mimi nachagua ya kubonyeza kwa njia mbaya na mizigo mizito. Hata hivyo, sioni sababu ya mtu mwenye ya kuzungusha iliyo nzima kutupa fedha zake ili abadilishe. Fedha hizo zitanunua waya mpya, breki nzuri na mafuta ya mnyororo. Vitu hivyo vitamsaidia zaidi.

Namna ya kuufundisha mkono

Kwanza, elewa kazi ya waya. Kwa kawaida, waya ukivutwa, mnyororo hupanda kwenye sproketi kubwa. Nyuma, sproketi kubwa huleta wepesi. Mbele, sproketi kubwa huleta uzito. Ndiyo maana mkono wa kulia, ambao huongoza gia za nyuma, na wa kushoto, ambao huongoza za mbele, huonekana kama unafanya kinyume. Ukilijua hilo, nusu ya taabu imekwisha. Zipo chache zilizoundwa tofauti, kwa hiyo jaribu kwanza.

Pili, jifunze mahali pa wazi, kama kiwanja cha mpira. Usiwe na mzigo wala abiria. Tumia mkono wa kulia peke yake kwa siku kadhaa. Ukizoea, ongeza wa kushoto. Mzigo uje mwisho.

Tatu, badilisha gia kabla ya mlima. Endelea kuzungusha pedali, lakini punguza nguvu ya mguu wakati mnyororo unahama. Ukilazimisha huku umesimama juu ya pedali, mnyororo hulia, huruka, na unaweza kukatika. Tena, usibadilishe ukiwa umesimama kabisa.

Kagua kabla ya kulaumu

Mara nyingi kishikio kigumu si kibovu. Waya umeshika kutu, au mpira wake umejaa mchanga. Badilisha waya kwanza. Kizungushio kikiwa kichafu, kisafishe kwa maji na sabuni, kisha ukikaushe. Usikipake mafuta yoyote tu, maana mafuta mengine huharibu plastiki.

Kama ni lazima ununue kipya, hesabu sproketi za nyuma kabla ya kwenda dukani. Kifaa cha gia 7 kinataka sproketi 7. Angalia pia jina la kampuni, kwa sababu vifaa vya kampuni mbili havivuti waya kwa kipimo kimoja siku zote. Mtu asiyesoma maandishi madogo yaliyo kwenye kifaa hurudi nyumbani na kitu kisichomfaa. Hapa kusoma na kuhesabu kunalinda fedha yako.

Mafundi nao wana wajibu. Mteja akisema "ng'oa", fundi mwema amwulize: waya wake ni mzima? Amejifunza kwa siku ngapi? Kung'oa ni kazi ya nusu saa. Kurudisha kunaweza kumgharimu mwenye baiskeli zaidi ya alivyofikiri, hasa kama vifaa vimekwisha kutupwa au kuuzwa.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kupanda mlima bila kushuka kwenye baiskeli, na aupe mkono wake muda wa kujifunza.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini watu wengine huzing'oa gia za baiskeli zao?
2. Mbele kuna meno 36 na nyuma meno 18. Pedali ikizunguka mara 1, gurudumu litazunguka mara ngapi?
3. Katika kijiji chenu, aina ipi ya gia ingefaa zaidi? Toeni sababu.
4. Je, mnakubaliana na mwandishi kuhusu wajibu wa fundi?