"Amepona" Si Neno la Kutosha

Wapo watoto wa Nyeri, Karatina na Nanyuki waliozaliwa na tundu moyoni, wakapasuliwa Nairobi kwa msaada wa wahisani, kama wale wanaochanga katika mbio za Mater Heart Run. Aghalabu hurudi nyumbani na neno moja: wamepona. Neno hilo, pamoja na uzuri wake, lina hatari.

Upasuaji huziba tundu, lakini huacha kovu. Umeme wa moyo haupiti ndani ya kovu. Huweza kulizunguka bila kukoma, hata miaka ishirini baadaye. Hapo vyumba vya juu vya moyo hupiga kasi mno, pengine zaidi ya mara 200 kwa dakika, vikifuata duara lile lile. Huo tuuite mpepeo, usichanganywe na mpapatiko usio na mpangilio. Ukipuuzwa, huweza kuudhoofisha moyo, au kugandisha damu na kuleta kiharusi.

Hapa ndipo lugha inapoingia. "Moyo unanienda mbio" ni kauli ya mwoga, ya mpenzi na ya mgonjwa vilevile. Kijana anayeitamka zahanatini bila kutaja kovu la kifuani huenda akaambiwa apunguze wasiwasi. Akilitaja, kuna sababu ya kumpima umeme wa moyo papo hapo, kabla mapigo hayajatulia na ushahidi kutoweka. Kisha bingwa huweza kupitisha waya mwembamba katika mshipa wa paja hadi moyoni, akachora njia ya duara lile na kuunguza kipande chembamba kinachoipitisha. Mgonjwa akiambiwa tu kwamba "moyo utaunguzwa", atakimbia. Akielezwa kwamba njia potovu ya umeme itakatwa, ataelewa.

Wapo wasemao kwamba istilahi hizi ni za madaktari, na Kiingereza kinawatosha. Wanasahau kwamba mgonjwa ndiye anayeanza kusema. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Urasmi huo hauna maana ukiishia mlangoni mwa hospitali.

Hivyo basi, wanafunzi wa Kiswahili wana kazi: kushirikiana na wauguzi kuandaa kadi ya Kiswahili chepesi kwa kila aliyepasuliwa moyo. Badala ya "amepona", iandikwe: "Moyo umetengenezwa, una kovu, ukienda mbio, apimwe upesi."