Ng'ombe Wapo, Shamba Lina Njaa

Ukipita Sola, au kijiji kingine cha mkoa wa Simiyu, wakati wa kiangazi, utaona vitu viwili. Nyumbani utaona zizi, na ndani ya zizi samadi imerundikana. Shambani utaona udongo mwepesi uliochoka. Ng'ombe wapo, lakini shamba lina njaa.

Kwa nini imekuwa hivi? Jambo hili halikuanza jana. Tuangalie kwanza kilimo chetu kilikotoka. Halafu tuamue wenyewe la kufanya.

JEMBE LA MKONO

Zamani wazee wetu walilima kwa jembe la mkono. Walilima mtama, uwele, karanga na viazi vitamu. Viazi walivikata na kuvianika juani, wakapata michembe ya kula wakati wa njaa.

Kwa jembe la mkono mtu hawezi kulima eneo kubwa. Kwa hiyo mashamba yalikuwa madogo. Shamba lilipochoka, liliachwa lipumzike kwa miaka kadhaa. Mwenye shamba alifungua jingine. Ardhi ilikuwa nyingi na watu walikuwa wachache. Udongo ulipata nafasi ya kurudisha nguvu zake.

PAMBA NA PLAU

Kisha ikaja pamba. Ilianza wakati wa Wajerumani, ikaenea wakati wa Waingereza. Kituo cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kilitafuta mbegu zinazofaa kwa nchi yetu. Wewe unayejua kusoma, tazama majina ya mbegu za pamba, kama UK91 na UKM08. Herufi UK zimetoka katika jina la Ukiriguru.

Wakulima hawakukubali kupunjwa kwenye mizani. Walianzisha vyama vya ushirika. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana na kuwa shirikisho moja kubwa la wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Paul Bomani.

Fedha ya pamba ilinunua ng'ombe. Ilinunua plau pia. Plau ilileta faida kubwa. Eka ambayo mtu aliilima kwa siku nyingi, sasa ng'ombe waliilima kwa muda mfupi. Mashamba yakawa makubwa. Baadaye mahindi yalichukua nafasi ya mtama katika nyumba nyingi. Mpunga ukalimwa kwenye majaruba. Dengu zikalimwa kwenye udongo mweusi wa mbugani.

Lakini plau ina upungufu wake. Katika nyumba nyingi, plau hulima lakini haipalilii. Anayepalilia ni mama pamoja na watoto, kwa jembe la mkono lile lile la zamani. Baba akiongeza eka mbili kwa plau, mama ameongezewa eka mbili za palizi. Magugu yakiwashinda, mavuno ni haba. Kuongeza shamba si lazima kuongeza mavuno.

ARDHI IMEKWISHA

Leo hatuwezi tena kuacha shamba lipumzike kama wazee walivyofanya. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka huo ulikuwa na watu zaidi ya milioni 1.5. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa zaidi ya milioni 2.1. Watu wameongezeka, lakini ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Baba mwenye eka kumi na watoto watano, kila mtoto atapata eka mbili. Je, wajukuu watapata nini?

Shamba likilimwa kila mwaka bila kurudishiwa chochote, litachoka. Udongo wetu wa kichanga, ule unaoitwa luseni, huchoka upesi zaidi. Mvua ikinyesha, maji huchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye chakula cha mimea. Udongo huo hauishii hewani. Unaishia mtoni na bwawani. Tunalo Bwawa la New Sola, linalohifadhi maji kwa ajili ya watu wa Maswa. Kila debe la udongo linaloingia bwawani huchukua nafasi ya debe moja la maji.

SAMADI HAINA KOSA

Wengine watauliza: "Kama samadi ni nzuri, kwa nini wazee waliikataa?" Swali hili ni zuri. Tulijibu.

Kuanzia mwaka 1947 hadi 1956 serikali ya Waingereza iliendesha mpango mkubwa wa maendeleo katika nchi ya Wasukuma. Watu waliamriwa kuweka samadi shambani. Waliamriwa kulima matuta na kuyafunga ili maji yasikimbie. Waliamriwa kupunguza ng'ombe wao. Asiyetii alitozwa faini. Hakuna aliyekaa na mkulima kumwuliza ana shida gani.

Watu walichukia, na walikuwa na haki ya kuchukia. Mwaka 1958 wananchi wa Geita waliandamana mpaka Mwanza kupinga mambo waliyowekewa bila ridhaa yao. Amri za kilimo zilikufa. Lakini pamoja na amri, matuta na samadi navyo viliachwa katika mashamba mengi.

Hapa ndipo penye jambo langu. Kilichokuwa kibaya ni amri. Samadi haikuwa na kosa. Mtu akikulazimisha kunywa maji kwa fimbo, ichukie fimbo, usiyachukie maji.

Lilikuwapo pia jambo jingine. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, watu walihamishwa wakakaa pamoja. Shule na zahanati zikawa karibu. Lakini kwa wengi shamba likawa mbali na nyumba, na zizi liko nyumbani. Kubeba samadi kichwani kwa mwendo mrefu ni taabu. Ikabaki zizini. Na kwa kuwa miti imepungua, wengine huchoma samadi na mabua ya pamba badala ya kuni.

TUMEWEZA KWA NGITILI

Je, tunaweza kubadilika bila kulazimishwa? Tunaweza, na ushahidi upo hapa hapa kwetu.

Wazee walikuwa na desturi ya ngitili. Walifunga sehemu ya malisho wakati wa mvua ili majani yaote, ng'ombe wayale wakati wa kiangazi. Baadaye desturi hii ilidhoofika, na miti ilikatwa sana. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI. Wakati huo Bariadi na Maswa zilikuwa katika mkoa wa Shinyanga. Safari hii wataalamu waliwasikiliza wenyeji na kuitumia desturi yao. Vijiji vilijitungia kanuni, dagashida ikaamua, sungusungu wakalinda.

Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Miti na majani vilirudi, kwa sababu watu waliona jambo hilo ni lao.

Kama tuliweza kwa malisho, kwa nini tusiweze kwa mashamba?

TUFANYE NINI?

Kwanza, tuipeleke samadi shambani. Mwenye mkokoteni wa ng'ombe amsaidie asiye nao, nao wapatane malipo. Au zizi lihamishiwe shambani wakati wa kiangazi, ng'ombe walale huko, na walindwe kwa zamu.

Pili, tusitake kumaliza yote kwa mwaka mmoja. Ukiwa na eka 6, weka samadi kwenye eka 2 kila mwaka. Baada ya miaka 3 shamba lote limepata. Samadi haiishi nguvu kwa msimu mmoja. Iache ioze vizuri kwanza, maana samadi mbichi huleta magugu mengi.

Tatu, tulime matuta ya kukinga mteremko, na tuyafunge kwa udongo hapa na pale. Maji ya mvua yatasimama na kuingia ardhini.

Nne, baba na mama wakae pamoja kabla ya kulima. Wahesabu eka wanazoweza kuzipalilia, si eka ambazo plau inaweza kuzilima.

Tano, jambo hili lizungumzwe katika mkutano mkuu wa kijiji. Kanuni iliyotungwa na wanakijiji wenyewe ina nguvu kuliko amri ya mgeni.

Mwenye uwezo na anunue pia mbolea ya dukani. Lakini mbolea hiyo hungoja fedha, na fedha hungoja bei ya pamba. Samadi ipo zizini leo.

Ndugu msomaji, wazee wetu wakichoka shamba walifungua jingine. Sisi hatuna jingine. Hili tulilonalo ndilo hili. Tulilishe, nalo litatulisha.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Shamba lako limelimwa kwa miaka mingapi bila kupumzika?
2. Samadi ya nyumbani kwako inakwenda wapi?
3. Nani hupalilia katika nyumba yako? Eka ngapi?
4. Kijiji chetu kitunge kanuni gani ili kulinda udongo? Andika moja, uisome mbele ya wenzako.