Ndoo ya mchanga nayo ni mtaji

Kila wiki ukurasa huu huwaletea wasomaji bei za mchele, maharage, sukari na dagaa. Iko gharama moja isiyomo katika orodha hiyo, nayo ni ya usiku mmoja wa moto.

Wafanyabiashara wa Mirongo wanayajua yaliyowapata wenzao. Julai 10, 2021 moto uliunguza Soko Kuu la Kariakoo. Januari 2022 ikawa zamu ya soko la Karume, Dar es Salaam. Kwa jirani zetu, Owino ya Kampala iliungua mwaka 2009, na moto wa Gikomba, Nairobi, uliua watu 15 Juni 2018. Waliolala na mtaji waliamka na madeni.

Wapo wanaojipa moyo kwamba Mwanza tuna ziwa. Lakini maji ya ziwa hayapandi yenyewe hadi kibandani. Gari la zimamoto lisipopata pa kupita, ziwa linabaki la kutazama tu. Aidha, wengi wetu tunaishi milimani, Igogo na Mabatini, ambako nyumba zimeshikana na miamba na njia nyingi ni za miguu. Huko shehena hulala chumba kimoja na watoto, jirani na jiko la mkaa. Kiangazi, Juni hadi Septemba, nyasi hukauka. Anayechoma takataka upepo ukivuma huhatarisha mtaa mzima.

Maoni yetu ni kwamba jambo la kwanza ni njia. Anayepanga bidhaa njiani hupata futi mbili za kuuzia, lakini anacheza kamari kwa mali ya jirani yake. Uongozi wa soko usimwonee haya.

Pili, umeme. Nyaya za kuungaunga ziondolewe, na jioni swichi kuu izimwe. Tatu, kila safu ya vibanda ichange inunue kizima moto na ndoo za mchanga. Moto wa umeme au wa mafuta ya kupikia haumwagiwi maji. Nne, moto ukizuka, watu watolewe na namba 114 ipigwe mara moja, si baada ya ndoo kuisha.

Mwisho ni bima. Mwenye duka husema ni ghali, naye hana stakabadhi hata moja ya kuonyesha alichokuwa nacho. Bima haizimi moto, ila humrudisha mtu kazini. Daftari la mali na nakala za stakabadhi vihifadhiwe mbali na duka.

Yote haya hayasubiri bajeti ya Halmashauri. Yanahitaji kikao kimoja cha wafanyabiashara na mchango mdogo. Kikao hicho kifanyike kabla ya kiangazi, wakati bado kuna cha kulinda.